Vanguard, Crossroad au CX-7: tulivyochagua gari la familia lililotumika, Kisumu

Nyumbani tuko saba: mimi na mume wangu, watoto wanne, na mama mkwe ambaye kila mwezi hushuka kutoka Chavakali kuja kliniki Kisumu. Gari tulilokuwa nalo lilikuwa saluni ya viti vitano. Kila safari ya nyumbani ilianza kwa hesabu: nani apande matatu pamoja na mzigo, nani apakatwe. Mimi nilikuwa nakaa mbele roho mkononi, maana mtoto aliyepakatwa hana mkanda, na breki ikikanyagwa ghafla mikono ya mama haitoshi. Desemba moja mama alinyamaza njia nzima, na tulipofika akasema, "Mwanangu, miguu yangu imekufa." Wiki iliyofuata tukaanza kutafuta gari la safu tatu za viti.

Pesa yetu haikufika kwa magari yanayoshuka Mombasa sasa hivi. Ilifika kwa magari yaliyotumika hapa nchini, yale ambayo mwenyewe anauza ili apande ngazi. Majina matatu yalijirudia kila tulipouliza: Toyota Vanguard, Honda Crossroad na Mazda CX-7. La mwisho lilikuwa chaguo la mume wangu, na linabeba watu watano tu, lakini nililikagua kwa haki kama mengine. Tulitumia karibu miezi mitatu, Kisumu, Kakamega na Nakuru, na haya ndiyo niliyoyaona.

Yote matatu hayaundwi tena

Honda ilianza kuuza Crossroad hii Februari 2007 na ikaiacha mwaka 2010. CX-7 ilitoka 2006 na kuisha 2012, CX-5 ikachukua nafasi yake. Vanguard ilizinduliwa Japani Agosti 2007 na kukoma 2013.

Kwetu Kenya kuna mlango mwingine uliofungwa. Kiwango cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kiitwacho KS 1515, hakiruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Ukipiga hesabu, Crossroad za mwisho za 2010 ziliweza kuingia hadi mwisho wa 2017, CX-7 za 2012 hadi mwisho wa 2019, na Vanguard za 2013 hadi mwisho wa 2020. Kwa hiyo kila moja unayoionyeshwa leo imeshakula matuta yetu, vumbi letu na mafundi wetu kwa miaka. Ukikutana na muuzaji anayedai Vanguard yake imetoka melini juzi, muage kwa heshima uende zako. Angalia namba: yenye herufi za KBZ imekaa barabarani kwetu zaidi kuliko yenye KCY, hata kama zote zimeandikwa mwaka ule ule wa kuundwa.

Watu wengi huogopa gari lisiloundwa tena kwa sababu ya spea. Hofu hiyo ina msingi, lakini haiyagusi magari haya kwa usawa. Vanguard ni RAV4 ya kizazi kilichoanza 2005 iliyorefushwa na kubadilishwa sura. Injini yake ya lita 2.4, ile inayoitwa 2AZ-FE, imo pia ndani ya Estima, Alphard, Harrier za zamani, Kluger na Ipsum. Nenda maduka ya spea ya Kondele uulize pampu ya maji ya injini ya 2AZ, hutaulizwa ni ya gari gani. Bushi, boli joint na shokabzoba unaletewa za RAV4. Kinachouma ni sura: bampa, taa za mbele, urembo wa pembeni juu ya tairi na mlango wa nyuma ni vya Vanguard peke yake. Taa moja ikivunjika utaisubiri kutoka kwa wauzaji wa spea za mitumba za Japani, na utailipia. Kwa hiyo gari lenye taa zote mbili safi lina pesa ndani yake ambayo muuzaji mwenyewe pengine hajaihesabu.

Crossroad nayo haiko mbali. Injini ya lita 1.8 ni R18A, ndiyo iliyo kwenye Honda Stream na Civic za wakati huo, na ile ya lita 2.0 ni R20A ambayo pia Stream iliitumia. Mwili wake wa pembe pembe hauna ndugu, kwa hiyo taa na vioo ni shida ile ile. CX-7 ndiyo iliyoachwa peke yake kuliko zote. Nyingi zilizofika kwetu zina injini ya lita 2.3 yenye turbo na petroli inayopuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda, na Mazda ilipohamia CX-5 ilihamia injini za aina nyingine kabisa. Fundi wa CX-5 hana cha kukuazima.

Vanguard na oili

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo Vanguard inapokupa gari la miaka 10 mbele au inapokula akiba yako.

Injini ya 2AZ-FE, hasa iliyoundwa kati ya 2006 na 2009, ina tabia ya kula oili. Sababu inajulikana. Pistoni ina ringi ya kukwangua oili kutoka ukutani mwa silinda, na nyuma ya ringi hiyo kuna vitundu vya kuirudisha oili chini. Vitundu vile vilikuwa vidogo. Masizi yakijaa humo, oili haina pa kurudi, ringi inakwama, na oili inapanda kuungua pamoja na petroli. Huko Marekani Toyota ilikubali kurekebisha bila malipo, kwa muda maalumu, magari yenye injini hii, RAV4 za 2006 hadi 2008 zikiwemo, iwapo yalipoteza kiasi cha karibu lita moja kwa kila kilomita 1,900. Sisi huku tulipokea magari hayo hayo yakiwa na umri wa miaka saba au minane, na mpango ule haukutuhusu.

Oili ikipungua bila mwenyewe kujua, cheni ya taiming inakosa kulainishwa na kuanza kulia. Oili inayoungua inaenda kuziba kichujio cha moshi kilichoko kwenye ekzosi. Mwisho ni kufungua injini kubadilisha pistoni na ringi, kazi ambayo kwa fundi mzuri inagharimu kama injini nyingine ya mtumba. Na ukinunua injini ya mtumba ya miaka ile ile, unaweza kuwa umenunua ugonjwa ule ule.

Vanguard ya kwanza tuliyoiona ilikuwa nzuri ajabu. Nyeupe, viti saba, ndani inanukia sabuni. Muuzaji alituita saa tano asubuhi, tukaikuta inanguruma tayari, eti ameileta kutoka kuosha. Niliweka kijiti cha oili mara mbili, kikaonyesha imejaa. Ni fundi wetu, mzee wa jua kali wa Obote Road ambaye amekuwa akitushughulikia saluni kwa miaka, aliyechukua oili kidogo kati ya vidole viwili akaivuta.

"Mwalimu, hii oili ni nzito. Injini hii haitaki uji."

"Inaficha nini, fundi?"

"Wewe kesho iite tena. Ikiwa imelala."

Tuliiomba tena kesho yake saa moja asubuhi. Muuzaji alisita, lakini akakubali. Ilipowashwa ikiwa baridi kabisa, fundi alisimama nyuma. Haikutoa moshi. Akaiacha ingurume palepale bila kukanyaga, dakika 10, tukiongea mambo ya mvua. Halafu akasema ikanyagwe mara moja kwa nguvu. Wingu la buluu likatoka, si kubwa, lakini lilining'inia hewani na harufu yake ilikaa kooni. Kizibo cha oili kilipofunguliwa, chini yake kulikuwa na masizi meusi kama ya sufuria ya kuni. Tulimshukuru mwenye gari tukaondoka. Nilisikitika njiani, sitaficha, kwa sababu watoto walikuwa wameshagawana viti.

Jifunze kipimo hicho: gari baridi, kuwasha, kuliacha lisimame dakika 10, kisha kukanyaga. Moshi mweupe mwepesi asubuhi ya baridi ni mvuke wa maji na unapotea. Wa buluu unaning'inia. Tazama pia pampu ya maji upande wa mikanda: maji ya radieta ya Toyota huwa na rangi ya waridi, na yakivuja huacha ukoko wa rangi hiyo. Ukikata kona polepole na kusikia mgongano mdogo kwenye usukani, ni shafti ya usukani, ugonjwa wa kawaida wa RAV4 za kizazi kile. Hauzuii kununua, unapunguza bei.

Kwa sababu ya mambo ya pistoni napendelea Vanguard ya 2010 kwenda mbele. Lakini mwaka peke yake hautoshi. Tuliona ya 2008 iliyotunzwa na mwalimu mstaafu wa Mbale, kila badiliko la oili limeandikwa kwenye daftari la mistari, tarehe na kilomita, na haikuwa na moshi hata chembe. Kama isingekuwa imegongwa ubavuni ningeichukua.

Ipo pia Vanguard ya lita 3.5, V6 yenye nguvu za farasi 280 dhidi ya 170 za ile ndogo. Haina CVT, giaboksi ya ukanda nitakayoieleza hapa chini; ina gia za kawaida tano, na mlima hauiambii kitu. Kwa familia inayopeleka watoto shule asubuhi na kukaa kwenye foleni ya Kondele, petroli yake itakutoa jasho. Niliipita.

Kilima cha Riat ndicho mwalimu

Vanguard ya lita 2.4 hutumia CVT, yaani badala ya gia zenye meno kuna ukanda wa chuma unaopanda na kushuka kati ya puli mbili. Ikiwa nzima ni laini kama maziwa. Ikichoka, ukarabati wake ni ghali na mafundi wanaoifungua na kuifunga ikafanya kazi ni wachache; wengi watakubadilishia nzima kwa ya mtumba. Crossroad ina gia za kawaida tano za otomatiki, na CX-7 ina sita. Kwa mtu anayeishi Busia au Siaya, mbali na fundi wa CVT, hii ni nguvu kubwa ya Crossroad na huwa haitajwi.

Usilijaribu gari katikati ya mji wa Kisumu. Tambarare ile ya ziwani, mita 1,130 hivi juu ya bahari, hata gari linalokufa linaipenda. Toka Mamboleo ushike barabara ya Kakamega upande Riat, na ndani ya gari wawemo watu wazima wanne au watano. Panda kwa mwendo wa kawaida. CVT nzima itapandisha mlio wa injini kidogo na kuushikilia, gari likienda nao. CVT mbovu itapandisha mlio wakati gari halisongi, au itatetemeka kama mtu mwenye homa unapoachia na kukanyaga tena. Ukifika juu, geuza, simama kabisa kwenye mteremko, rudisha nyuma kidogo kupanda. Kukawia kwa sekunde mbili au tatu kabla ya kushika ni dalili mbaya.

Crossroad mbili tulizozijaribu pale zilipanda bila kutetemeka. Ile ya lita 1.8, farasi 140, ikiwa na watu watano ililia sana karibu na juu, na nikafikiria safari ya Krismasi kutoka Kisumu kupitia Awasi, Kericho, Londiani hadi Mau Summit, zaidi ya mita 1,300 za kupanda, na mizigo juu. Itafika, ila malori utayapita kwa kuomba Mungu. Ya lita 2.0 ina farasi 150 tu, lakini tofauti inasikika. Kati ya hizo mbili chukua ya 2.0.

Na kuna kushuka. Kutoka Mau Summit kwenda Nakuru unateremka Salgaa, mahali ambapo Wakenya wengi wamezika watu wao. Huko unatakiwa ushuke kwa gia ndogo injini ikikusaidia, breki uzitunze. Ukiwa unakagua gari, hakikisha lever inaingia kwenye gia ndogo na unahisi gari likishikwa. Gari la familia ambalo breki zake peke yake ndizo zinazolizuia mteremkoni silitaki.

Jambo moja juu ya mafuta ya giaboksi. CVT ya Toyota inataka mafuta ya CVT yaliyotajwa kwenye kitabu chake, na gia za Honda zinataka ya Honda. Yapo magari mengi huku yaliyowekewa mafuta mekundu ya otomatiki ya kawaida kwa sababu ndiyo yaliyokuwa dukani. Muulize mwenyewe aliweka gani na lini. Akisema hayabadilishwi maisha yote, gari hilo halijawahi kubadilishiwa.

Ndani, mahali familia inapoishi

Vanguard ina urefu wa mita 4.57, Crossroad mita 4.29 hivi, CX-7 karibu mita 4.7. Ajabu ni kwamba iliyo ndefu zaidi ndiyo yenye viti vitano tu. Mazda waliuweka urefu ule kwenye umbo la michezo: paa linashuka nyuma, vioo vya pembeni ni vyembamba, na mtoto wa miaka sita aliyeketi katikati anaona dari na mgongo wa kiti.

Si kila Vanguard ina viti saba. Zipo za vitano, na tangazo halisemi kila mara, kwa hiyo uliza kabla hujapanda gari kwenda Kakamega kuiona kama tulivyofanya sisi. Ya saba ina kiti cha kati kinachosogea mbele na nyuma, na safu ya tatu inalala chini ya sakafu ya buti. Nilimketisha mume wangu pale nyuma. Magoti yakaja kifuani. Ni mahali pa watoto, hadi wa darasa la sita au la saba. Mama mkwe anakaa kiti cha kati, na kwa sababu gari ni refu kutoka chini kiasi, hainami kuingia wala hapandi kama anayepanda lori. Kwa goti la mama hilo lilikuwa kubwa kuliko farasi 170.

Crossroad zote zina safu tatu, lakini safu ya tatu ya gari lenye urefu ule ni ya dharura. Watoto wawili wadogo kutoka kanisani hadi nyumbani, sawa. Kisumu hadi Nakuru, huo ni uonevu.

Viti vyote saba vikikaliwa, mzigo hauna mahali kwenye gari lolote kati ya haya. Nyuma ya safu ya tatu ya Vanguard unaingiza mifuko ya shule na kikapu. Gunia la mahindi, mkungu wa ndizi na kuku wa mama vinahitaji keria juu, na ukizifunga huko gari linayumba zaidi kwenye kona na kunywa zaidi. Mlango wa nyuma wa Vanguard hufunguka kando kama mlango wa nyumba. Ukiegesha ukiwa umebanwa nyuma, hufungui. Sokoni Kibuye nimejifunza kuacha nafasi.

Na kuna jambo la usalama ambalo sikuona muuzaji hata mmoja akilijua. Februari 2016 Toyota iliita magari karibu milioni 2.9 duniani, RAV4 za kizazi hiki na Vanguard za Japani, kwa sababu katika mgongano mkubwa wa mbele fremu ya chuma ya kiti cha nyuma iliweza kuukata mkanda. Dawa yake ilikuwa kufunika fremu kwa kipande cha plastiki ngumu. Gari lililokuja Kenya kabla ya tarehe hiyo huenda halikufanyiwa. Chukua namba ya chesisi, uende kwa mwakilishi rasmi wa kampuni, uulize. Honda na Mazda za miaka ile, CX-7 ikiwemo, ni miongoni mwa magari mengi yaliyoguswa na wito wa mifuko ya hewa ya Takata, ile ambayo ikilipuka hurusha vipande vya chuma. Hilo pia uliza kwa namba ya chesisi. Na ukiwasha gari, taa ya mfuko wa hewa lazima iwake kwenye dashibodi kisha izime. Isipowaka kabisa, mtu ameichomoa ili usijue.

CX-7 kwa ufupi

Nayaelewa mapenzi ya mume wangu. Ni gari zuri kuendesha kuliko mengine mawili, linashika kona, na turbo ikiingia linaondoka kama limesukumwa mgongoni. Bei yake sokoni ni ya chini kuliko ya Vanguard ya mwaka ule ule, kwa mamia ya maelfu. Lakini bei hiyo ina sababu. Cheni ya taiming ya injini ile hurefuka, hasa kwa gari lililocheleweshewa oili, na sauti yake ni mgongano wa chuma kwa sekunde chache asubuhi unapowasha. Turbo ikianza kupitisha oili utaona moshi. Vali za kuingiza hewa hujaa masizi kwa sababu petroli haizioshi. Kila moja kati ya hayo ni kazi ya fundi anayeijua injini hiyo, na Kisumu sikumpata niliyemwamini. Pamoja na petroli yake, ile laki mbili au tatu uliyookoa itaondoka ndani ya mwaka. Kijana asiye na watoto, mwenye fundi wake, na anunue. Familia isijiingize.

Wapo waliotuambia tuchukue Nissan X-Trail ya 2014 kwenda mbele, ile yenye toleo la viti saba. Ni mpya zaidi, na safu yake ya tatu ni ya watoto vile vile. Nayo ni CVT, na kwa pesa tuliyokuwa nayo tuliletewa zilizochoka. Mwenye kuongeza pesa aiangalie, na kilima cha Riat kiwe kile kile.

Karatasi na pesa

Kabla ya kutoa hata shilingi, ingia kwenye huduma za NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, utafute rekodi ya gari. Jina la mwenyewe lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia, namba ya chesisi na ya injini zilingane na zilizogongwa kwenye chuma. Ukiona jina la benki au la mkopeshaji pembeni ya jina la mtu, deni halijaisha. Uhamisho wa umiliki ufanyike mkiwa pamoja, yeye aanzishe kwenye akaunti yake, wewe ukubali kwenye yako. Ahadi ya "nitakutumia baadaye" imewaacha watu na gari lisilo lao.

Bima nayo iulizwe mapema. Baadhi ya kampuni hazitoi bima kubwa kwa gari lililopita umri fulani, na Crossroad ya 2007 inaweza kukuacha na bima ya mtu wa tatu peke yake. Kwa mtu aliyenunua kwa mkopo wa SACCO hilo ni jambo zito, kwa sababu gari likiibwa, mkopo unabaki.

Tenga pesa pembeni. Sisi tulitenga laki moja na nusu nje ya bei, na karibu yote ilikwenda: tairi nne, bushi za mbele, breki, mafuta ya CVT, betri.

Tulichonunua ni Vanguard ya 2011, viti saba, lita 2.4, msimbo wa chesisi ACA33W, maana yake inavuta tairi zote nne. ACA38W huvuta mbili za mbele, na kwa anayekaa kwenye lami inatosha na inakunywa kidogo. Sisi njia ya mwisho kufika kwa mama ni udongo mwekundu, na Aprili hiyo si njia, ni sabuni. Tuliilipia milioni moja na laki tatu. Kati ya Kisumu na Chavakali inanipa kama kilomita 9 kwa lita. Kila Jumapili asubuhi kabla ya ibada napima oili. Baada ya kilomita 4,000 kijiti kimeshuka kwa upana wa ukucha.

Mdogo wangu wa Nakuru ana watoto wawili, shule iko Njoro, na mfuko wake si mkubwa kama wetu ulivyokuwa. Alitaka nimwambie Vanguard. Nimemwambia Crossroad ya lita 2.0: viti vitano vya kila siku, viwili vya wageni, gia ambazo fundi yeyote wa Shabab atazielewa, na pesa itakayobaki ya kutengenezea. Jumamosi hii anakwenda kuona moja. Nimemsihi afike kabla ya saa moja asubuhi, na wakati anamsalimia mwenye gari, kiganja chake kiwe juu ya boneti.